Petroli, gesi asilia au umeme: ulinganisho kwa anayeishi kwa usukani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inatangaza bei kikomo za mafuta, na kwenye vijiwe vya bajaji na teksi Dar es Salaam mjadala unaanza upya: nibaki na petroli, nifunge gesi, au niuze ninunue ya umeme? Wengi wanalijibu swali hilo kwa kuweka bei ya lita kando ya bei ya kilo, basi. Hesabu hiyo haitoshi. Nishati hizi tatu zinatofautiana pia kwa nani anayepanga bei yake, na ni kitu gani kinaweza kuibadilisha wakati pesa yako imeshaingia mfukoni mwa fundi. Kwa hiyo hapa tunapima mambo mawili kwa pamoja: gharama ya kilomita moja leo, na uwezekano wa gharama hiyo kugeuka kabla hujarudisha mtaji.

Petroli: soko la dunia, dola na tozo zisizoshuka

Petroli yote inayouzwa Tanzania inatoka nje. Inaagizwa kwa pamoja kwa zabuni kupitia wakala wa serikali, PBPA, na bei ya pampu inabeba bei ya soko la Ghuba ya Uarabuni, nauli ya meli na faida ya msambazaji, thamani ya dola, gharama za bandari, kodi na tozo, kisha faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja. Mikoa ya mbali kama Kagera na Kigoma inaongeza usafiri juu yake. Shehena inayouzwa leo ilinunuliwa wiki kadhaa nyuma, ndiyo maana ukisikia redioni kwamba mafuta yameshuka duniani, usitegemee nafuu kwenye tangazo la mwezi unaofuata.

Sehemu ya kodi ndiyo yenye siasa nyingi. Kwa Tanzania, ushuru na tozo za petroli zimewekwa kwa shilingi kwa kila lita, na petroli haitozwi VAT. Bajeti ya 2021 iliongeza Sh 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, ile ya 2023 ikaongeza Sh 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Soko la dunia likipanda, tozo hizi hazipandi nalo. Likishuka, nazo zinabaki palepale, kwa hiyo pampu inashuka kidogo kuliko soko. Dereva anayesubiri bei irudi kama ya zamani anasubiri kitu ambacho sheria ya fedha haikiruhusu.

Kenya wamejenga bei yao kwa namna nyingine. EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, inatangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na juu ya tozo za shilingi kwa lita kuna VAT ya asilimia. Julai 2023 VAT hiyo ilitoka asilimia 8 hadi 16, na lita ya petroli Nairobi ikaruka kutoka KSh 182.04 hadi 195.53. Mwaka uliofuata tozo ya matengenezo ya barabara ikapandishwa kutoka KSh 18 hadi 25. Kwa kuwa VAT ni asilimia, kila dola inapopanda kodi nayo inavimba. Mkenya anaumia maradufu bei ikipanda, lakini anapata nafuu kubwa kidogo ikishuka.

Kisha kuna ruzuku, ambayo ni mtego kwa anayepiga hesabu. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilitoa Sh bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya bei kuanzia Juni. Kenya nayo ilikuwa na ruzuku yake. Ilipoondolewa kwenye petroli Septemba mwaka huohuo, lita ikatoka KSh 159.12 hadi 179.30 kwa usiku mmoja. Ukiamua chombo gani ununue kwa bei ya mwezi wenye ruzuku, umeamua kwa bei isiyokuwepo.

Petroli ina sifa moja ambayo wapinzani wake wanaipuuza: haikudai mtaji mpya. Kituo kipo kila kona, fundi yupo kila kona, na ukiishiwa njiani lita moja inakufikisha.

Gharama ya kilomita moja

Hesabu hizi zimechukua petroli Sh 2,900 kwa lita, gesi Sh 1,550 kwa kilo, na umeme Sh 356 kwa yuniti, ambayo ni Sh 292 ya kundi la T1 (wateja wa kawaida wa majumbani na biashara ndogo) pamoja na VAT na makato ya EWURA na REA, wakala wa nishati vijijini. Badilisha bei ya petroli kila tangazo jipya likitoka. Njia ya kukokotoa ni ileile.

| Chombo | Petroli | Gesi asilia | Umeme |
|---|---|---|---|
| Gari dogo, injini ya cc 1300, mjini | Sh 242 (km 12 kwa lita) | Sh 97 (km 16 kwa kilo) | – |
| Bajaji | Sh 116 (km 25 kwa lita) | Sh 44 (km 35 kwa kilo) | Sh 28 (yuniti 8 kwa km 100) |
| Pikipiki | Sh 64 (km 45 kwa lita) | – | Sh 16 (yuniti 4.6 kwa km 100) |

Yuniti za umeme hapo ni zile zinazosomwa kwenye mita, pamoja na zinazopotea kwenye chaja. Wauzaji wengi wanakupa matumizi ya betri peke yake, na tofauti inaweza kufika asilimia 15.

Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli. Anayekuahidi kwamba kilo moja itakupeleka mara mbili ya lita anakudanganya. Gari likienda km 12 kwa lita, tegemea 16 hadi 17 kwa kilo.

Gesi asilia: nafuu ya kweli, foleni ya kweli

Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiingia Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likaongezeka 2015. Haihitaji meli wala haisubiri zabuni ya kila mwezi, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: bei ya karibu Sh 1,550 kwa kilo imetulia huku petroli ikipanda na kushuka kwa mamia ya shilingi.

Chukua teksi inayotembea km 120 kwa siku. Inaokoa Sh 145 kwa kilomita, yaani Sh 17,400 kwa siku. Mfumo wa gesi ukikugharimu Sh milioni 2, unarudisha pesa kwa siku 115 za kazi. Bajaji ya km 100 kwa siku inaokoa Sh 7,200. Mfumo wa Sh milioni 1 unarudi kwa siku 139. Kwenye karatasi hakuna mjadala.

Sasa toa gharama ya foleni. Vituo ni vichache kuliko vyombo, na karibu vyote viko Dar es Salaam na Pwani. Kituo mama kama kile cha TPDC, shirika la mafuta la taifa, barabara ya Sam Nujoma kimeungwa na bomba. Vituo vidogo vinaletewa gesi kwa malori yenye mitungi mikubwa. Kompresa nyingi zinaendeshwa kwa umeme, hivyo umeme ukikatika foleni inasimama. Ukipoteza saa mbili kila siku, na saa hizo zingekuingizia Sh 8,000 baada ya gharama, akiba ya teksi inashuka hadi Sh 9,400 kwa siku na muda wa kurudisha unakwenda siku 213. Anayejaza saa tisa usiku na anayejaza saa mbili asubuhi wamefunga mfumo uleule lakini hawana hesabu ile ile.

Juni 2024 bajeti ilikuja na pendekezo la kutoza Sh 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, kwa hoja kwamba wanaotumia gesi nao wanachakaza barabara bila kuichangia. Hoja hiyo haitakufa, kwa sababu kila gari linalohama petroli linaondoka na tozo ya barabara. Ndiyo sababu tunashauri kila mtu aifanyie hesabu: kilo ikiwa Sh 1,932, kilomita ya teksi inakuwa Sh 121, akiba inabaki kama Sh 14,500 kwa siku, na mtaji unarudi kwa siku 138 badala ya 115. Bado inalipa. Kwa anayetembea km 40 kwa siku kwenda ofisini na kurudi, mtaji huohuo unadai karibu mwaka mzima na miezi miwili ya kuendesha kila siku, na kama foleni ipo, afadhali abaki na petroli.

Kuhusu kufunga, ubora wa kazi ndio unaoamua kama utafurahia au utajuta. Kwa gari lenye injekta, dai mfumo wa injekta za gesi wenye kompyuta yake, siyo ule wa kuchanganya gesi kwenye mdomo wa hewa ambao unafaa injini za kabureta. Mtungi uwe na mhuri unaosomeka: tarehe ya kutengenezwa, shinikizo la kazi la bar 200, na kiwango cha ISO 11439 au ECE R110. Mtungi wa gesi ya kupikia haukuundwa kubeba shinikizo hilo hata kidogo; atakayekushauri kuutumia, ondoka kwenye karakana yake. Mtungi wa ujazo wa lita 60 unabeba kama kilo 10, na unakula sehemu kubwa ya buti ya gari dogo. Vali ya mtungi ndani ya buti lazima ifunikwe na kuwekewa mpira wa kutolea hewa nje ya gari, ili ikivuja gesi isijikusanye ndani.

Mambo yanayoharibika yanajulikana, na mengi yana chanzo kimoja cha uzembe.

Gari linawaka kwa petroli, kisha linahamia gesi lenyewe maji ya injini yakishapata joto. Sababu ni kidhibiti shinikizo, ambacho mafundi wanakiita ridyusa: gesi inaposhuka kutoka bar 200 hadi bar chache inapoa sana, na maji ya moto ya injini yanapitishwa hapo ili isigande. Redieta ikipungua maji, ridyusa inaganda, gari linakosa nguvu na kurudi petroli bila kuambiwa. Kabla ya kumlaumu fundi wa gesi, fungua tanki la kulanti uangalie.

Pampu ya petroli imezama ndani ya tanki na inapozwa na petroli yenyewe. Madereva wengi wakishafunga gesi wanaacha tanki na lita mbili tu. Pampu inaungua, gari haliwaki asubuhi hata kama mtungi umejaa. Acha angalau robo ya tanki, na endesha kwa petroli kilomita chache kila wiki ili injekta zisizibe.

Gesi inahitaji cheche kali kuliko petroli. Plagi zilizochoka ambazo kwa petroli zilivumilika, kwa gesi zitaleta kukohoa ukikanyaga kwa nguvu, na koili zinafuata kufa. Punguza pengo la plagi kidogo chini ya lile la kiwandani na uzibadilishe mapema. Chujio la hewa likiziba, mchanganyiko unaharibika zaidi ya inavyotokea kwa petroli. Nguvu ya injini inapungua kwa asilimia 10 hadi 15. Kwenye kilima cha Kimara na abiria wanne utaihisi.

La mwisho linakuja polepole: gesi ni kavu, haipozi wala kulainisha vali kama petroli, kwa hiyo siti za vali zinalika. Dalili ni gari kuwaka kwa shida likiwa na joto na sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) kutotulia. Pima nafasi za vali kila kilomita 40,000 hivi. Gharama ya silinda hedi ni kubwa kuliko vipimo kadhaa vya namna hiyo.

Unapojaza, angalia geji. Ukijaza haraka, mtungi unapata joto na geji inasoma 200. Ukipoa inashuka hadi 170 au 180. Hujaibiwa, kwa sababu unalipa kwa kilo, ila safari yako imefupika. Kwenye vituo vya malori, lori likikaribia kuisha shinikizo linakuwa dogo na mtungi haujai kabisa. Muulize mhudumu kabla hujaingia kwenye foleni.

Umeme: bei imeshikwa, betri haijashikwa

Bei ya umeme Tanzania ndiyo iliyotulia kuliko zote. Ile Sh 292 ya T1 ilitangazwa Aprili 2016. Mwishoni mwa mwaka huohuo EWURA iliidhinisha TANESCO ipandishe kwa asilimia 8.5, serikali ikazuia kabla haijaanza kutumika, na mkurugenzi mtendaji wa shirika akaondolewa Januari 2017. Tangu hapo bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limeongeza umeme kwenye gridi. Umeme unagusa kila nyumba, na kwa hiyo kila mpiga kura. Si rahisi kuupandisha kimyakimya.

Kenya wamekwenda mbele zaidi. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya kuchajia vyombo vya moto, KSh 16 kwa yuniti na KSh 8 saa zisizo na matumizi makubwa, bila kodi na makato mengine. Tanzania haina kundi kama hilo kwenye bei hizi tulizotumia, na hilo lina madhara ya moja kwa moja kwa mwenye pikipiki ya umeme anayeishi nyumba ya kundi la D1. D1 inalipa Sh 100 kwa yuniti lakini ni kwa matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Pikipiki inayotembea km 120 kwa siku inakula yuniti 5.5 kwa siku, karibu 143 kwa siku 26 za kazi. Utatolewa D1, na friji, taa na televisheni za nyumba nzima zitaanza kulipiwa bei ya T1. Ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla, au omba mita yako.

Kwa kilomita, umeme hauna mshindani: pikipiki inaokoa Sh 48, ambayo ni Sh 5,760 kwa siku ya km 120. Lakini umeme umehamisha gharama kutoka pampu kwenda betri. Betri ya volti 72 na Ah 40 ina yuniti 2.88, ukiacha akiba ya asilimia 15 isiguswe, unapata kama km 60. Siku ya km 120 inahitaji ujaze mara mbili, na kila kujaza ni saa kadhaa bila kazi, au uwe na betri ya pili. Uliza aina yake. Ya asidi na risasi inachoka baada ya mizunguko 300 hadi 400, yaani ukiijaza mara mbili kwa siku haimalizi mwaka. Ya lithiamu ya fosfeti inavumilia 1,500 hadi 2,000 au zaidi. Muuzaji akishindwa kukuambia aina na idadi ya mizunguko kwa maandishi, chukulia ni ile ya bei nafuu.

Usichaji betri ikiwa ya moto kutoka kazini. Iache nusu saa kivulini. Usitumie chaja ya pikipiki nyingine hata kama plagi inaingia, kwa sababu volti ya kukatia haifanani. Waya za soketi za nyumba nyingi za kupanga ni nyembamba kwa chaja ya saa nyingi mfululizo: soketi ikipata joto mkononi, simamisha.

Kubadilishana betri kwenye vituo, mfumo ulioenea kwa bodaboda za Nairobi na Kigali, unakuondolea mtaji wa betri na muda wa kusubiri. Ila bei ya kubadilisha inapangwa na kampuni, haimo kwenye tangazo la bei kikomo, na pikipiki yako inakubali betri za mtandao mmoja tu. Kampuni ikipandisha bei au ikifunga vituo vya upande wako wa mji, huna kwingine pa kwenda. Kabla ya kusaini, hesabu vituo vilivyopo kwenye njia zako za kila siku, na usome kifungu cha mabadiliko ya bei.

Njia nyingine, kwa ufupi

Gari la haibridi linalofanya km 20 kwa lita mjini lina gharama ya Sh 145 kwa kilomita. Haishindi gesi, lakini inafaa sana Mwanza, Mbeya au Arusha ambako gesi ya magari haijakuwa jambo la kutegemea. Safisha kichujio cha feni ya betri karibu na kiti cha nyuma. Vumbi likikiziba betri inapata joto na seli zinakufa mapema.

LPG ya magari, yaani gesi ya aina ile ya kupikia, ipo zaidi Kenya. Inaagizwa kwa dola kama petroli, na kodi yake imeyumba: VAT ya asilimia 16 ilirudishwa Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023. Inatumia ujazo mkubwa kuliko petroli kwa robo hivi, kwa hiyo inalipa pale tu bei ya lita yake iko chini ya asilimia 80 ya bei ya petroli. Kenya pia iliwahi kuuza petroli iliyochanganywa na ispiriti ya miwa ya Muhoroni kuanzia 1983. Mpango ukafa miaka kumi baadaye kwa ukame na sera zilizobadilikabadilika.

Nani achague nini

Teksi au bajaji ya Dar es Salaam inayozidi km 80 kwa siku, yenye kituo kisichozidi km 5 kutoka kijiweni: gesi. Bodaboda ya mjini yenye pa kuchajia pa uhakika: umeme, kwa betri ya lithiamu ya fosfeti. Anayesafiri mikoani, au anayetembea chini ya km 40 kwa siku: petroli, au haibridi akibadilisha gari. Tumeweka kikomo cha miezi kumi ya kurudisha mtaji, foleni ikiwa imeshakatwa, kwa sababu bajeti inasomwa kila Juni na tozo mpya inaanza Julai. Mtaji unaohitaji bajeti mbili kupita salama ni mkubwa mno kwa chombo cha biashara.

Kama chombo ni cha tajiri na wewe unapeleka hesabu ya siku, yaani kiasi unachomkabidhi kila siku, andikianeni kabla ya kwenda kwa fundi. Tajiri akilipia mfumo, akiba yote inaingia kwako kwa sababu mafuta ni juu yako, na atataka kupandisha hesabu. Ukilipia wewe, akikunyang'anya chombo baada ya miezi mitatu umemfungia yeye mfumo. Njia inayokubalika kwa pande zote ni tajiri alipe, hesabu ipande kwa kiasi kilichoandikwa mpaka pesa yake irudi, kisha ishuke. Kwa teksi ya mfano wetu yenye foleni, nyongeza ya Sh 5,000 kwa siku inamrudishia tajiri Sh milioni 2 kwa siku 400, na hiyo inavuka kikomo chetu. Sh 7,000 inarudisha kwa siku 286 na dereva anabaki na Sh 2,400. Kabla ya kukubaliana kiasi, pimeni lita halisi zinazotumika kwa wiki moja: jaza tanki mpaka juu, andika kilomita, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya.